Kilo Sitini na Moja za Kila Jumanne

Makao Makuu ya Viwanja Vidogo
Idara ya Takwimu na Ratiba
2 Machi

Kwa Msimamizi wa Kiwanja cha Ndege, Kisiwani

Yahusu: Abiria wachache na mzigo usioeleweka

Rejea fomu zako za kila Jumanne tangu mwishoni mwa Desemba. Idara imebaini mambo mawili. Kwanza, ndege ya viti kumi na viwili inayokuja kwenu kila wiki huondoka huko na abiria wawili, wakizidi sana watatu. Pili, katika safu ya mizigo umeandika kila wiki kitu cha kilo 61 kinachokwenda bara asubuhi na kurudi kisiwani alasiri ya siku hiyo hiyo. Kimefanya hivyo mara tisa. Mara ya mwisho kilirudi kikiwa na kilo 60. Hakuna popote ulipoeleza ni kitu gani. Kipo pia kitu cha kilo 48 chenye mwenendo kama huo, na kingine cha kilo 83 kilichokwenda Februari na hakijarudi.

Kwa mujibu wa mwongozo, kiwanja chenye wastani wa chini ya abiria sita hupunguziwa safari kutoka mara moja kwa wiki hadi mara moja kwa mwezi. Unatakiwa kutoa maelezo ndani ya siku kumi na nne. Maelezo kwa simu hayatambuliki.

Mkuu wa Takwimu na Ratiba


Kiwanjani
3 Machi

Bibi Mkuu wa Takwimu,

Barua yako imekuja na ndege ya leo. Rubani amenipa dakika ishirini za kuijibu, na kumi na mbili kati ya hizo nimezimaliza kufukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia, kwa hiyo sitazunguka.

Kilo 61 ni dada yangu.

Ni mshonaji. Kile kitambaa chenu cha kuonyesha upepo, ambacho nimekiomba kwa barua nne na sijaletewa, yeye ndiye aliyekishona kwa pazia lake mwenyewe. Novemba alipanda ngazi kukifunga kwenye mlingoti kwa sababu alisema mimi nafunga ovyo, akaanguka, akavunjika nyonga. Akapasuliwa bara, kidonda kikatunga usaha hadi kwenye mfupa. Sasa kila Jumanne lazima asafishwe kule hospitali kubwa. Daktari amesema wazi kabisa: akikosa wiki mbili mfululizo, mguu unakatwa. Na dada yangu anashonea cherehani ya kukanyaga, Bibi. Hilo nadhani halihitaji fomu.

Hawezi kuketi. Amekatazwa kukunja nyonga, kwa hiyo anasafiri amelala kwenye machela. Fomu yenu ina safu mbili tu: "Abiria walioketi" na "Mizigo (kilo)". Mwaka wangu wa kwanza hapa, miaka sita iliyopita, niliuliza mgonjwa aliyelala namwandika wapi. Nikajibiwa kwa nusu karatasi yenye muhuri wa idara yako: "Kisichoketi ni mzigo." Basi tangu siku hiyo wagonjwa wote wa kisiwa hiki nawapandisha kwenye mizani na machela yao, natoa kilo za machela, naandika kinachobaki. Kilo 48 ni binti wa fundi wa mashua, ana maji kwenye mapafu. Kilo 83 ni mwalimu mstaafu, bado amelazwa. Na dada alipungua kilo moja kwa sababu alishinda na njaa. Mlitaka ukweli, niliandika ukweli.

Rubani anapiga honi. Sikujua kuwa ndege ina honi, kumbe anagonga bati la mlango.

Msimamizi wa Kiwanja


Idara ya Takwimu na Ratiba
9 Machi

Ndugu Msimamizi,

Maelezo yako yamepokelewa. Pole kwa dada yako.

Hata hivyo, mwongozo unataja abiria walioketi, na idara haina mamlaka ya kusoma neno ambalo halijaandikwa. Mwenye uwezo wa kubadili fomu ni Kamati ya Fomu, ambayo hukutana Julai. Nimeliweka suala lako kwenye orodha yao, ni la kumi na tisa. Kwa sasa nashauri uhamasishe wakazi wasafiri zaidi.

Kuhusu nusu karatasi unayoitaja, kumbukumbu zake hazijapatikana.

Mkuu wa Takwimu na Ratiba


Kiwanjani
10 Machi

Bibi Mkuu,

Leo nimemwambia rubani asubiri, na akiondoka aondoke.

Niwahamasishe wasafiri waende wapi? Watu wa hapa hawapandi ndege kwenda kutembea. Wanapanda wakiumwa, au wakimfuata anayeumwa. Unataka nisimame sokoni niwaombe waugue wamekaa?

Hebu nikueleze kitu ambacho hakimo kwenye mwongozo wako. Ili machela moja iingie ndegeni, mimi na rubani tunafungua viti vitatu kwa spana na kuvibeba mpaka ofisini kwangu. Dada yangu peke yake anakula nafasi za watu watatu. Nikipandisha watu watatu wazima wanaokwenda kushangaa madirisha ya maduka, unahesabu watatu. Nikimpandisha yeye, unahesabu sifuri. Wiki iliyopita machela zilikuwa mbili, viti sita viko ofisini kwangu, mimi mwenyewe nimesimama kwa kukosa pa kupita, na kwenye karatasi yako ndege hiyo ilikwenda tupu. Huoni kitu hapo? Kweli kabisa huoni?

Na usiniambie kumbukumbu hazijapatikana. Karatasi ninayo, ina muhuri, ina tarehe, ina sahihi ya mkato ambayo sijui ya nani. Ningekutumia nakala, ila mashine ya nakala iko kwenu.

Rubani ananiambia ofisi yako iko hatua mia mbili kutoka pale ndege inaposimama. Hatua mia mbili! Mimi nabishana na mtu ambaye angeinuka tu kitini, akachungulia dirishani Jumanne saa nne na robo, angemwona dada yangu akishushwa. Inuka basi. Sikuombi kingine.

Msimamizi wa Kiwanja, mpima mizigo, mfungua viti na mfukuza mbuzi


Idara ya Takwimu na Ratiba
30 Machi

Ndugu Msimamizi,

Kuanzia tarehe 1 Aprili, ndege itakuja kisiwani Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Safari ya kwanza katika ratiba hii ni tarehe 7 Aprili, itakayofuata ni tarehe 5 Mei.

Nilijaribu kuomba nafuu na nimepata hii: endapo ndege ya tarehe 7 itaondoka na abiria walioketi wasiopungua sita, safari za kila wiki zitarudishwa mara moja, na zitaendelea kwa kadiri idadi hiyo itakavyodumu. Ndipo mamlaka yangu yalipoishia. Samahani.

Mkuu wa Takwimu na Ratiba


FOMU YA SAFARI
7 Aprili

Abiria walioketi: 9
Mizigo (kilo): 0
Maoni ya Msimamizi: Sina.


Idara ya Takwimu na Ratiba
13 Aprili

Ndugu Msimamizi,

Hongera sana! Abiria tisa! Nilipoiona fomu yako nilisimama nikawaonyesha wenzangu wa meza ya pili. Ndege itakuja kesho kama zamani, na barua hii itakuja nayo.

Nikiri kwamba barua zako zilinikosesha raha. Ndiyo maana nafurahi zaidi. Unaona sasa kwamba ilikuwa ni suala la kujipanga tu? Naona pia kwamba safu ya mizigo haina kitu, nikaelewa kuwa wagonjwa wako wanaendelea vizuri. Msalimie sana dada yako, namwombea apone kabisa.

Mkuu wa Takwimu na Ratiba


Hospitali, wodi ya mifupa
14 Aprili

Mdogo wangu wa Takwimu,

Nakuita mdogo wangu kwa kuwa nimeambiwa una miaka arobaini na kidogo, mimi nina hamsini na nane, na kwa kuwa nimechoka kukuita Idara. Barua hii anakuletea muuguzi. Ndugu yangu hajui kama naandika. Yeye barua yako ya hongera aliisoma asubuhi pale kiwanjani, akaikunja, akaingia ofisini akafunga mlango. Alipotoka nikamwambia anipe niisome, nami nikaisoma ndegeni, nimeketi.

Ndiyo, nimeketi. Nakusimulia jinsi ulivyopata abiria wako tisa, maana naona unawapenda.

Ilipokuja habari ya ndege ya mwezi kwa mwezi, ndugu yangu alishikwa na wazimu. Alitaka kuazima watu wazima mtaani wakapande kukamilisha hesabu. Nikamwuliza, wapande wapi? Machela zikiwa tatu, viti tisa vinatolewa, vinabaki vitatu. Tukiwa tumelala, hesabu yako haitafika sita hata tukiazima kisiwa kizima. Tukiketi, inafika. Mimi ndiye niliyesema tuketi. Usimlaumu yeye, alikataa siku nne. Nikamwambia, mguu ni wangu au wako?

Basi tukaketi. Binti wa fundi wa mashua aliketi, na yeye akiinama tu anakosa pumzi, baba yake akamshikilia kidevu njia nzima. Mama mmoja mjamzito aliyevimba hadi kope aliketi, mama mkwe wake pembeni. Mzee mmoja aliyepooza upande tulimfunga kwa shuka mgongo wa kiti, maana mkanda wenu unashika kiuno tu, juu alikuwa anaanguka. Mwanawe akawa anamfuta mate. Mtu na mkewe, mke ana jipu mahali ambapo sitakuandikia, naye aliketi. Na mimi. Wahesabu, utapata tisa.

Ndugu yangu ndiye aliyenifunga mkanda. Alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima, mbele za watu, huku ananiuliza kama mkanda unabana. Safari ni dakika hamsini. Nilihesabu zote. Dakika ya thelathini kidonda kilifunguka, nikakijua kwa joto lake kwenye paja, nikaomba tu kisilowanishe kiti, kwa kuwa hicho kiti ndicho kilichokuwa kinatuletea ndege.

Daktari alipofungua bandeji alipiga kelele. "Nani aliyekukalisha?" Nikamwambia ni mama mmoja wa ofisi ya ndege, simjui jina. Ni wewe, mdogo wangu. Leo pia nimeketi, na Jumanne ijayo nitaketi, kwa sababu nikilala tu ndege inakuwa ya mwezi. Huku unanipongeza.

Nilikuwa nimepanga nikutukane. Nimeshindwa, kwa sababu ulikwenda kuwaonyesha wenzako wa meza ya pili. Mtu mbaya hafanyi hivyo. Ila nimekukasirikia, na nataka ulijue hilo usiku na mchana.

Jumanne saa nne na robo, toka nje. Usiangalie dirishani, toka.

Mimi, Mzigo wa Kilo 61 (sasa 57)


Idara ya Takwimu na Ratiba
21 Aprili

Dada mpendwa,

Nilitoka nje.

Hukuniona, nilisimama nyuma ya gari la mafuta. Nilikuona ukishuka. Nilimwona na binti, na yule mzee akifunguliwa shuka. Nilitaka kuja nikusaidie, sikuja. Nikarudi ofisini, nikafunga mlango kama ndugu yako.

Kuna jambo nililomficha ndugu yako. Aliponiandikia habari ya ile nusu karatasi, nilijua ni ipi kabla sijamaliza kusoma. Sahihi ya mkato ni yangu. Nilikuwa karani mgeni, wiki ya tatu kazini. Swali lake lilikuja nikiwa nimeshashika mkoba nakwenda kula. Sikumwuliza mkubwa wangu wala sikufungua mwongozo. Niliandika maneno matatu, nikagonga muhuri, nikaenda kula. Nikamwambia ndugu yako kumbukumbu hazijapatikana. Zilipatikana siku ile ile, nilizifungia kwenye droo yangu. Niliona aibu, dada, na badala ya aibu nikawaandikia mwongozo.

Sikuweza kungoja Julai. Mchana wa leo nimeingia ghalani nikatoa fomu zote za safari zilizobaki mwaka huu, za viwanja vyote vidogo. Ni mia tatu na kumi na mbili. Nimeketi sakafuni na kalamu nyekundu nikalifuta neno "walioketi" kwenye kila moja, nikatia sahihi yangu pembeni, sahihi kamili safari hii. Sikuomba ruhusa. Mkurugenzi ameshasikia, ameniita kesho asubuhi, na sijui nitarudi kwenye meza hii au la. Lakini fomu za kwenu nimezitanguliza kwenye ndege ya alasiri, na fomu iliyo na sahihi ya mkuu wa takwimu haiwezi kukataliwa mpaka kamati ikae.

Usiketi tena. Nakuomba.

Mdogo wako


Kiwanjani
28 Aprili

Bibi Mkuu, kama bado ni Mkuu,

Fomu zimefika. Umefuta mia tatu na kumi na mbili kwa mkono! Ungeniuliza ningekwambia kiwanja hiki kinatumia moja kwa wiki, na kati ya zilizotufikia sisi ishirini na moja tutabaki nazo za kuwashia moto. Lakini nimeona jinsi wino ulivyoanza kuyumba kwenye zile za mwisho, nikajua ulichoka, nikaacha kulalamika.

Dada amenisomea barua yako. Nimeyasikia na yale maneno matatu. Miaka sita nimewaweka watu wangu kwenye mizani kwa sababu ulikuwa na njaa. Nami nikayatii miaka sita bila kuuliza mara ya pili, na mimi nilikuwa nimeshiba. Hasira yangu siioni pa kuiweka yote, kwa hiyo nusu nimebaki nayo.

Daktari ametoa jibu Jumanne iliyopita. Mguu hautakatwa. Mfupa unaanza kushika na usaha umepungua. Ila nyonga haitakunja tena, itakaa ilivyo, na cherehani ya kukanyaga ndiyo basi. Nilimpigia simu nikamwuliza kama ni zile Jumanne tatu za kuketi. Akasema ana mgonjwa mwingine. Dada nimemwambia kila kitu. Alitazama cherehani muda mrefu, halafu akanigombeza kwa kuacha mlango wazi mbuzi wakaingia.

Leo amepanda amelala. Tumefungua viti tisa. Safu ya abiria nimeandika sita, watatu wao wamelala, na kwa kuwa fomu haiulizi nani amelala, mizani nimeipumzisha.

Barua hii sikuiweka kwenye mfuko wa posta. Iko chini ya mto wa dada, kwenye machela. Ukiwa unaisoma, maana yake umetoka nyuma ya gari la mafuta na umefika mlangoni pa ndege. Basi ikunje, iweke mfukoni, mengine tutaandikiana. Mgongo wa rubani umechoka na watu hawatoshi. Muuguzi anashika upande wa kichwa, wewe shika upande wa miguu. Piga magoti kwanza ndipo uinue, usimtikise.

Msimamizi wa Kiwanja